Karatasi iliyopangusa mafuta haitarudi kuwa karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Wasomaji wako wengi wanajua kwamba karatasi hurejelezwa, na wengi wao hutenga karatasi zao kwa moyo safi kabisa. Mambo huharibikia jikoni. Tishu iliyopangusa mchuzi, karatasi ya kuokea, kikombe cha karatasi, boksi lililotota mafuta, vyote hutumbukizwa katika ndoo ya karatasi kwa hoja moja: si karatasi hii? Hoja hiyo ndiyo ninayoipinga. Kwa kitu cha jikoni yafaa kuuliza maswali mawili: kimegusa nini, na kimepakwa nini. Anayejiuliza hayo kabla ya kufunua ndoo atakosea mara chache.

Nianze na tishu za jikoni, zile za roli, kwa kuwa hizo ndizo zinazotupwa vibaya kuliko zote. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikamana. Kila inaporejelezwa nyuzi hukatika na kuwa fupi zaidi. Uzi mmoja huweza kupita kiwandani mara 5 hadi 7 hivi, kisha huwa mfupi mno hata usishikane na wenzake. Tishu nyingi zinazotengenezwa kwa karatasi kuukuu ziko mwishoni mwa safari hiyo. Juu ya hilo, tishu ya jikoni hutiwa utomvu wa kiwandani unaoizuia isimeguke ikilowa. Utomvu huo ndio unaokuwezesha kupangusa meza nzima kwa karatasi moja bila kubaki na vipande vidoleni, na huohuo ndio unaokwamisha mambo kiwandani. Hatua ya kwanza ya kurejeleza ni kuloweka karatasi katika pipa kubwa la maji na kuikoroga mpaka iwe uji. Tishu ya jikoni hugoma kuwa uji. Hubaki mapande, huziba chujio, na mwisho wake hutolewa kama taka, ikiwa imekwisha kula maji na umeme wa bure.

Kuna na mafuta. Katika lile pipa mafuta hayayeyuki. Hujitenga, hunata kwenye nyuzi, na karatasi mpya hutoka ina madoa na matundu. Mabaki ya chakula nayo huleta ukungu ndani ya marobota yanayosubiri kusafirishwa. Mnunuzi akikuta robota limelowa na kunuka hulishusha bei au hulikataa lote, pamoja na magazeti na daftari safi za majirani zilizofungwa humo. Hii ndiyo sababu nasema kosa hili si dogo. Mtu anayetupa tishu chafu katika taka za kawaida amepoteza tishu moja, lakini anayeitia katika ndoo ya karatasi anaweza kuharibu mfuko mzima.

Je, tishu iliyofuta mikono misafi tu? Nayo isiende kwenye ndoo ya karatasi, kwa sababu ufupi wa nyuzi na ule utomvu viko palepale. Napkini za mezani ni hivyohivyo. Ila kile kiini cha kadibodi ambacho tishu huviringishiwa ni karatasi nzuri kabisa ya kurejelezwa. Kibonyeze kiwe bapa, ukitie pamoja na maboksi.

Wengine, wakishaambiwa hivyo, hukimbilia chooni. Huko ni kubaya zaidi. Fanya jaribio hili, halichukui hata dakika tano. Chukua chupa mbili za mdomo mpana zenye vifuniko, zijaze maji nusu. Moja tia kipande cha karatasi ya chooni, nyingine kipande cha tishu ya jikoni cha ukubwa uleule. Tikisa zote mbili kwa nguvu, mara ishirini hivi. Ile ya chooni itasambaratika iwe kama wingu. Ya jikoni utaitoa nzima, uikamue, na hata kuitumia tena. Sasa fikiria karatasi hiyo imefika kwenye kona ya bomba, ikakuta mafuta yaliyoganda. Hushikana nayo, ya pili hushika ya kwanza, na bomba huanza kuziba. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, ilikutwa bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa vyenye unyevu na taka nyinginezo, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Kuling'oa kulichukua wiki kadhaa. Wenye shimo lao la choo nyumbani wasijione wamenusurika, maana tishu zisizomeguka hujikusanya juu pamoja na utando wa mafuta na kulifanya lijae kabla ya wakati. Na vile vitambaa vyenye unyevu vinavyouzwa katika pakiti, vingi si karatasi tupu, vina nyuzi za plastiki ndani yake. Haviendi chooni wala kwenye mboji, hata kama pakiti inasema vinafaa kumwagwa.

Basi tishu iende wapi? Iliyofuta maji, chai, juisi, unga, mchuzi mwepesi au maganda ya mboga ina mahali pazuri sana, nako ni kwenye mboji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri mwingi huishia kwenye neno "itupe kwenye mboji", kisha mtu huitupa, rundo linanuka au linalala miezi bila kubadilika, naye anakata tamaa.

Vijidudu vinavyoozesha mboji vinahitaji kaboni na naitrojeni, na hufanya kazi vizuri zaidi kaboni ikiwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Mabaki mabichi ya jikoni yana naitrojeni nyingi na maji mengi. Karatasi, kwa upande wake, ni kaboni tupu karibu yote: kwenye kadibodi kaboni hufika mara mia kadhaa ya naitrojeni. Kwa hiyo karatasi peke yake haiozi upesi, na maganda peke yake huoza kwa kunuka. Ukivichanganya, kila kimoja humsaidia mwenzake. Kwa kipimo cha nyumbani, usihangaike na mizani. Ndoo moja ya mabaki mabichi ipate ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu: tishu, kadibodi iliyochanwa, trei za mayai, majani makavu. Ukiwa na karatasi pekee bila majani, anza na ndoo mbili, maana karatasi ikizidi rundo hukauka na kupoa.

Kabla ya kuitia, ikunjue. Watu hutupa tishu zikiwa zimefinyangwa kama mpira, na katikati ya mpira huo hewa haifiki wala unyevu hauingii. Utaikuta miezi mitatu baadaye ikiwa nyeupe vilevile. Ichane vipande vya upana wa kiganja. Kadibodi ichane ndogo zaidi, na kama ni ngumu iloweke usiku kucha kwanza, utaona matabaka yake yanavyoachana yenyewe. Na usitandaze karatasi kama mkeka, hasa magazeti. Kurasa zilizolaliana zikilowa hugandamana, zikawa kama paa katikati ya rundo: maji hayapiti kwenda chini, hewa haipiti kupanda juu. Changanya kwa uma wa bustani au fimbo mpaka usiweze kuona tabaka la karatasi peke yake.

Chini kabisa weka vijiti au matawi makavu kwa unene wa sentimita 10 hadi 15 ili hewa ipite. Juu funika kwa udongo au mboji ya zamani, sentimita 5 zinatosha kuzuia inzi. Mabaki yenye harufu ya chakula yafukie katikati, yasikae juu wala pembeni, maana panya hufuata pua. Unyevu upime kwa mkono: chukua konzi moja kutoka ndani, ikamue kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili, pako sawa. Maji yakichuruzika, ongeza karatasi kavu. Isipotoka hata unyevunyevu, nyunyiza maji huku ukigeuza. Geuza rundo kila baada ya wiki moja au mbili.

Harufu itakuambia mengine yote. Harufu kali ya mkojo maana yake naitrojeni imezidi, ongeza tishu na kadibodi. Harufu ya yai viza maana yake hewa imekosekana, geuza na utie vitu vikavu vyenye mikunjo, kama vile trei za mayai zilizovunjwavunjwa. Rundo lisilo na harufu, lisilo na joto, lisilobadilika, hilo limekauka au limejaa karatasi. Litilie maji na mabaki mabichi au majani mabichi. Mambo yakienda vizuri tishu hupotea ndani ya wiki chache, kadibodi huchukua miezi miwili au mitatu. Utepe wa plastiki uliosahau kuubandua kwenye boksi hautapotea kamwe, utauokota kipande kipande wakati wa kuchekecha.

Asiye na nafasi ya rundo achimbe mtaro wa kina cha sentimita 30, aweke mchanganyiko wa mabaki na karatasi usiozidi sentimita 10, kisha arudishie udongo wote. Asichimbe karibu na mizizi ya mboga zinazokua, kwa sababu karatasi mbichi ikiwa inaoza ardhini hunyonya naitrojeni ya udongo kwa muda, na mimea iliyo jirani huwa ya njano. Ikishaoza, naitrojeni hiyo hurudi. Panapofugwa minyoo ya mboji, kadibodi iliyoloweshwa na kuchanwa ndiyo malazi yao mazuri kuliko yote, ila tishu zenye mafuta wasipewe, maana minyoo hupumua kwa ngozi na mafuta huwaziba.

Si kila tishu inafaa kwa mboji, na hapa naomba watu wawe wakali. Iliyofuta maji ya nyama mbichi au kuku mbichi ina vijidudu ambavyo hufa iwapo rundo limefika nyuzijoto 55 na kudumu hapo kwa siku kadhaa. Rundo dogo la nyumbani, lisilofika mita moja kila upande, mara nyingi halifiki huko, na hata likifika, kingo zake hubaki baridi. Tishu hiyo iende kwenye taka za kawaida, ndani ya mfuko uliofungwa. Iliyofuta matapishi au kamasi ya mgonjwa, vivyo hivyo. Iliyotumika na dawa ya kuua vijidudu, dawa ya kusafishia oveni, rangi ya kucha au rangi ya viatu isiguse mboji, kwa kuwa kilichotengenezwa kuua vijidudu huua pia vile vinavyoozesha. Mafuta kidogo ya kupikia hayadhuru, lakini tishu inayochuruzika mafuta huzifunika nyuzi na kuzinyima hewa. Ama weupe wa tishu peke yake si kikwazo. Tishu nyeupe na ya kahawia huoza sawasawa.

Niingie kwenye swali la pili, la kilichopakwa. Karatasi ya kuokea, ile inayotandikwa kwenye trei ya oveni, imepakwa silikoni. Silikoni ndiyo inayozuia mkate usigande, na ndiyo isiyoyeyuka kiwandani wala kuoza kwenye udongo kwa muda wa maana. Rangi yake ya kahawia huwadanganya wengi. Kahawia inamaanisha haikung'arishwa, haimaanishi haikupakwa. Ukiinunua, soma kama imethibitishwa kuoza katika mboji ya nyumbani. Bila hayo, itumie mara tatu au nne mpaka ianze kukatika kwenye mikunjo, kisha ipeleke kwenye taka za kawaida. Vivyo hivyo vikombe vya karatasi vya keki, vile vyenye kung'aa.

Karatasi ya nta ni nyingine. Ikwangue kwa ukucha. Ukitoka ungaunga mweupe chini ya kucha, hiyo ni nta. Nta ya nyuki au ya mimea huoza, lakini nta nyingi hutokana na petroli, nayo si ya kupeleka kwenye mboji. Usipopata maelezo kwenye pakiti, ichukulie kuwa ya petroli. Kwa utando wa plastiki, chana pembeni polepole: karatasi tupu hukatika na kuonyesha manyoyamanyoya ya nyuzi, iliyofunikwa plastiki huacha ngozi nyembamba inayovutika kabla ya kukatika. Njia nyingine ni kuloweka kipande kwenye maji ya moto kwa saa moja na kukisugua kwa vidole. Utando ukiwepo utabaki mkononi kama ngozi ya maziwa.

Ukivijaribu vikombe vya karatasi vya chai na kahawa utauona utando huo mara moja. Plastiki ndani yake ni kidogo kwa uzito, lakini imeng'ang'ania karatasi, na ni viwanda vichache vyenye mitambo ya kuitenganisha. Kama mahali unapoishi hakuna mpokeaji anayevitaka kwa jina, ni taka. Sahani za karatasi zinazong'aa ni hadithi hiyohiyo. Zile za kufinyangwa, zenye uso mkavu usiong'aa, zaweza kuchanwa na kutiwa kwenye mboji, ingawa nitarudi kwenye jambo moja linalozihusu.

Maboksi ya maziwa na juisi zinazodumu muda mrefu bila friji yana kadibodi robo tatu hivi, plastiki moja ya tano, na karatasi ya alumini asilimia 5 inayokinga mwanga na hewa. Yanaweza kurejelezwa, lakini kwa mtambo wake maalumu. Yasichanganywe na karatasi za kawaida. Panapopokelewa, yasuuze, yakauke, yabonyeze yawe bapa, na kifuniko fuata maelezo ya mpokeaji, kwani wengine hukitaka kimefungwa na wengine kimetolewa. Karatasi ya siagi yenye upande wa fedha haina mpokeaji. Trei za mayai za karatasi hurejelezwa kama ni kavu na hazina yai lililopasuka, zenye yai ziende kwenye mboji. Kichujio cha kahawa cha karatasi kitie kwenye mboji pamoja na masalio yake, ni chakula kizuri cha rundo. Kifuko cha majani ya chai kichane kwanza, umwage majani. Vifuko vingi vimegandishwa kwa nyuzi za plastiki, na hizo hubaki kama wavu.

Boksi la chakula kilichoagizwa, kama la pizza, huzua mabishano yasiyo na sababu. Halihitaji uamuzi mmoja. Mfuniko kwa kawaida ni mkavu, ukate kwa mkono uende na maboksi. Sehemu ya chini iliyolowa mafuta na jibini ichanwe iende kwenye mboji. Doa moja dogo la ukubwa wa sarafu halitavuruga kiwanda, lakini kama mafuta yamepenya mpaka upande wa pili, sehemu hiyo ikate. Maboksi mengine yote ya jikoni yaondolewe mfuko wa ndani, utepe na dirisha la plastiki, yabonyezwe, na yawekwe mahali pasipo mvua. Kadibodi ikilowa na kukauka mara kadhaa hudhoofika, na ikiota ukungu haina thamani tena kwa mnunuzi.

Kuna karatasi moja isiyo ya jikoni lakini huishia huko ndani ya mfuko wa manunuzi, nayo ni risiti. Risiti laini inayogeuka nyeusi ukiikwangua kwa ukucha imepakwa kemikali zinazoitikia joto, na mara nyingi kemikali hizo ni za jamii ya bisfenoli. Umoja wa Ulaya uliibana mojawapo, bisfenoli A, katika karatasi hizo kuanzia Januari 2020. Risiti isiwekwe kwenye mboji wala kwenye ndoo ya karatasi, na isitumike kufungia chakula.

Lile jambo la sahani za kufinyangwa ni hili. Ili karatasi izuie mafuta bila plastiki, watengenezaji kwa miaka mingi walitumia kemikali za florini zinazojulikana kwa kifupi PFAS. Hazivunjwi na joto la mboji wala bakteria, zikiingia kwenye mboji hubaki humo na kufuata udongo. Denmark ilizipiga marufuku katika karatasi za kufungia chakula kuanzia Julai 2020, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza Februari 2024 kwamba vizuia-mafuta vya aina hiyo haviuzwi tena nchini humo kwa karatasi za chakula. Bidhaa za zamani na za kutoka kwingineko bado zipo. Kwa hiyo sahani au bakuli la karatasi lisilong'aa, lisilo na plastiki, lakini tone la mafuta likisimama juu yake kama shanga bila kupenya, litilie shaka. Pasipo maandishi kwamba halina PFAS, mimi singelitia katika udongo wa mboga.

Na maandishi yenyewe yasomwe kwa makini. "Huoza" peke yake halina maana, kwani halisemi wapi wala kwa muda gani. Kiwango cha Ulaya, EN 13432, kinahusu mboji ya kiwandani, penye joto kali linalodhibitiwa. Kikombe chenye utando wa plastiki ya mimea kinahitaji nyuzijoto karibu 60 kwa wiki kadhaa ili kisambaratike. Katika rundo la nyumbani utakichimbua mwaka unaofuata kikiwa na umbo lake. Tafuta maneno yanayotaja mboji ya nyumbani waziwazi.

Nije kwenye mafuta yenyewe, ambayo ndiyo chanzo cha nusu ya tatizo hili. Kikaango chenye mafuta kisioshwe kabla ya kukwanguliwa. Acha kipoe, kwangua kwa mwiko wa mbao au mpira, mafuta yakusanye kwenye kopo. Kisha pangusa masalio kwa tishu iliyokwisha kutumika kukaushia mikono, hapana haja ya mpya. Hapo ndipo uoshe. Utaratibu huu hutumia karatasi moja mahali pa nne, na hauachi mafuta yakagande bombani.

Tahadhari moja ni ya usalama, na haisemwi vya kutosha. Tishu iliyotumika kupakia mafuta ya kitani kwenye ubao wa kukatia au miiko ya mbao inaweza kuwaka yenyewe. Mafuta hayo hukauka kwa kuungana na hewa, na muungano huo hutoa joto. Tishu ikiwa imekunjwa ndani ya ndoo, joto halina pa kutokea, huongezeka mpaka moto uwake, pengine saa kadhaa baada ya mtu kwenda kulala. Itandaze peke yake nje, juu ya jiwe au saruji, mpaka iwe ngumu kama gamba, ndipo uitupe. Au itie kwenye kopo la bati lenye maji, ulifunike. Rundo la tishu zilizolowa mafuta mengine ya mimea, zikiwa za moto, nalo lisisongwe mahali pamoja. Ziache zipoe kwanza.

Wako wanaouliza kwa nini wasichome tu. Karatasi tupu na kavu ikichomwa hutoa moshi wenye chembe ndogo zinazoingia mapafuni, tena iliyolowa hutoa moshi zaidi. Iliyopakwa plastiki au yenye wino mwingi wa kung'aa hutoa sumu mbaya zaidi, na kuichoma jikoni au katika jiko linalopikia chakula ni kuwavutisha moshi huo watu wa nyumbani. Kwenda jalalani nako kuna gharama yake: karatasi ikifukiwa chini bila hewa huoza kwa kutoa methani, gesi ambayo kwa uzito uleule hupasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Hata hivyo, kwa tishu ya damu ya nyama au ya matapishi, jalala ndilo sahihi, wala mtu asijione amekosa.

Kinachobaki ni kuzitumia chache. Kitambaa cha pamba kilichokatwa kutoka shuka kuukuu hufuta maji, chai na makombo vizuri kuliko tishu. Vitambaa kumi vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha nyumba ya watu watano, kimoja au viwili kwa siku, vikifuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60 au kuchemshwa na kukaushwa juani. Kitambaa kilicholowa kikiachwa kimejikunja pembeni ya sinki huzalisha vijidudu, kwa hiyo kitundikwe kikiwa kimekunjuliwa. Tishu ibakie kwa kazi tatu: maji ya nyama mbichi, mafuta mazito, na uchafu wa mgonjwa. Hizo ndizo kazi ambazo kitambaa hakifai.

Weka jikoni vyombo vitatu: kimoja cha karatasi na maboksi makavu, kimoja cha mboji chenye kifuniko kisichobana sana, kimoja cha taka. Chombo cha mboji kitandikie ndani ukurasa mmoja wa gazeti uliokunjwa mara nne. Hufyonza majimaji na hutupwa pamoja na vilivyomo. Kimwage kila baada ya siku mbili au tatu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba pale gazeti linapowahimiza wasomaji kurejeleza karatasi, liongeze mstari mmoja: isipokuwa tishu, na isipokuwa iliyogusa mafuta. Na kwa watengenezaji, tunaomba waandike juu ya kila roli na kila pakiti, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kama karatasi imepakwa, imepakwa nini, na iende kwenye chombo kipi.

Wako,
Mdau wa urejelezaji na mboji